Saa ya Kuposti Miche ya Winfred

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo mchana, na mimi Nyamu wa Gitari, wa hapa Manyatta, nimeanza kuandika. Nilifika darasa la sita tu. Shida haikuwa kichwa changu, ilikuwa mwalimu, alilalamika kwamba ninamaliza somo kabla yeye hajalianza. Kwa hivyo naandika bila woga.

Sababu ni hii. Winfred, binti wa dada yangu mkubwa Wanjira, ameotesha miche ya avokado na makadamia kwenye kipande cha shamba la mamake kando ya mto. Ameipandikiza mwenyewe, kwa kisu kidogo na utepe wa plastiki, baada ya kuacha kazi ya ofisi kule Embu mjini. Miche imetoka vizuri sana. Imejaa kutoka mtoni mpaka karibu na njia, na hakuna anayeinunua, kwa sababu Winfred ni mkimya. Mtu akipita anasalimiwa, anaitikia, anaenda zake.

Leo Wanjira amekuja na kikapu cha chai mgongoni akasimama katikati ya miche. Hata kikapu hakutua.

"Mvua ikikatika na huu msitu wako bado uko hapa," alimwambia binti yake, "mimi napanda nepia, majani ya ng'ombe. Na wewe unarudi ofisini."

Winfred aliendelea kung'oa magugu kwenye mifuko ya miche kama mtu anayemchana mtoto nywele. Dada yangu ni mgumu. Tangu utotoni ni jiwe, na mimi nimeishi kando ya jiwe hilo miaka yote.

Kila mtu wa huku anajua mche unanunuliwa wakati wa mvua. Mvua ikiisha, hata ukigawa bure hakuna wa kuupanda. Nikamwambia mpwa wangu atulie. Mimi niko na simu, niko na Fesibuku, na niko na mdomo. Kuna mwaka nilimuuzia mtu mbuzi wake mwenyewe pale soko la Embu, akaondoka akinishukuru kwamba huyu anafanana sana na yule aliyempotea. Sasa miche ndiyo itanishinda?

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeposti alfajiri, kabla ya jogoo. Nilifikiri mwenye pesa ni yule anayeamka mapema. Mpaka jioni aliyenijibu ni mtoto wa jirani yetu Kiambi peke yake, yule aliye Qatar, analinda lango la hoteli usiku. Aliuliza kama nyumbani kunanyesha. Nikamwambia kunanyesha. Akasema amefurahi. Hakununua mche.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeposti saa sita mchana. Bure. Saa sita watu wako ndani ya majani chai, na mikono inayochuma chai haishiki simu. Mvua kubwa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Nimepumzika kama shujaa.

Jumatano, 22 Oktoba

Winfred bado amepanga chumba Majimbo, pale mjini, kwa hivyo hufika huku asubuhi na kurudi jioni. Leo amefika na habari. Amesoma kwa simu kwamba kuna watu kazi yao ni kuchunguza saa nzuri ya kuposti.

"Anko, wanasema ni saa moja jioni," aliniambia. "Watu wametoka kazini, wamekaa kwa kiti, mkono unatafuta simu."

Akasema hata pale Majimbo, ikifika saa moja, kila dirisha lina mwanga wa simu. Sikubishana. Mtoto amesoma. Nikaongeza la kwangu tu: picha ya mche peke yake haina uso, na watu hununua kwa uso. Nitapigwa picha mimi, nimevaa suti.

Ruguru, mke wangu, aliuliza suti gani. Ni nyeusi. Suti iko moja tu, lakini imehudhuria mambo mengi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Picha imetoka safi. Winfred amenipiga mbele ya yale maua ya langoni, yamenizunguka kichwa na mabega, mpaka Ruguru akasema hakuolewa nami nikiwa hivi. Ilienda saa moja na kidogo, na chini yake nimeandika: Nyamu wa Gitari, Manyatta. Maelezo ya miche nimeyaweka kwa posti ya pili. Hiyo ikazunguka, ikazunguka, halafu bando la intaneti likaisha. Si neno. Kesho nitanunua bando. Nimezima simu ipumzike, na mimi nalala kama mtu aliyemaliza kazi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo nimekufa na kufufuka, na nitaeleza pole pole.

Sisi watu wa huku, saa moja jioni tunafungua redio ya lugha yetu. Habari zikisomwa, watu wanakula na kupiga domo. Habari zikiisha, yanakuja matangazo ya vifo, na hapo kijiko kinasimama. Mtoto akilia anafinywa. Hakuna mtu anayeshika simu kwa mchezo wakati majina yanasomwa, maana huwezi kujua ni nani atatajwa. Yakiisha ndipo watu wanachukua simu kutafuta picha ya marehemu, kwa sababu wenye msiba huiweka saa hiyohiyo: mtu wa suti, maua pembeni, jina lake na kwao.

Mimi hayo yote nayajua. Nimeyasikiliza maisha yangu yote. Lakini jana nilikuwa naitazama picha yangu jinsi ilivyo nzuri, sikuwaza kingine.

Asubuhi nilikuwa nyuma ya ghala naosha gambuti, viatu vyangu vya matope. Nikasikia nyimbo za kanisa, zile za polepole. Nikachungulia. Akina mama wa ushirika wanaingia kwangu wamebeba kuni mgongoni. Nyuma yao Mugambi, jirani yangu, amebeba hema begani, uso umeanguka. Mugambi na mimi tumebishana kuhusu mpaka wetu tangu tuwe vijana, na leo alikuwa anamwambia Mama Mchungaji, "Alikuwa mwongo. Lakini ukitembea naye kutoka Embu mpaka hapa, uongo wake unakufikisha hujachoka."

Nilisimama pale pale. Si kila siku mtu anapata kusikia maneno kama hayo.

Ruguru alitoka kukamua, na ndoo mkononi. Mama Mchungaji akamkumbatia mpaka maziwa yakamwagika. Ruguru akauliza ni nani amekufa. Akaambiwa ni Nyamu.

"Nyamu yupi?" Ruguru akasema. "Huyu wangu amekunywa uji sasa hivi."

Nikaona ni wakati wa kutokea. Nikatoka nyuma ya ghala na gambuti mkononi, nikawasalimia kwa jina la Bwana. Mama mmoja alitupa kuni zote chini, na nyingi zilimwangukia Mugambi kwenye mguu. Hivyo ndivyo nilivyopokelewa duniani.

Halafu akaja Wanjira. Alikuwa amekimbia kutoka shambani, hana viatu, kikapu bado mgongoni na majani chai yamemwagika njia nzima. Aliniona nimesimama. Akakaa chini kwenye matope. Sijawahi kumwona dada yangu akilia. Hata tulipomzika baba, yeye alikuwa anapanga viti. Leo alilia na mdomo wazi, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nikasogea kumwinua, na hapo alipogusa mkono wangu akajua ni wa moto. Akasimama, akachagua kuni moja nzuri, na mimi nikakimbia mpaka kwenye miche.

Kwa kuwa watu walikuwa wamejaa, nilijaribu kuuza. Hakuna aliyegusa mche. Mama Mchungaji alinieleza kwa upole kwamba mtu hatoki nyumba aliyokwenda kulilia akiwa amebeba kitu cha kupanda kwake. Na kuni walikataa kurudi nazo kwa sababu hiyohiyo. Kwa hivyo miche haikuuzwa, lakini tuna kuni mpaka Krismasi.

Wanjira alisimama langoni kabla ya kuondoka. "Mchezo wa simu umeisha," alisema. "Vipande vya nepia nimeagiza."

Winfred aliniambia ni makosa yake, ndiye aliyeleta saa moja. Nikamwambia saa moja yake ni nzuri, lakini ni ya Majimbo. Huku saa moja ni ya marehemu.

Jumapili, 26 Oktoba

Kanisani nimeitwa Lazaro. Hata Mchungaji alilazimika kutazama dirishani ili asicheke.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua. Ruguru anapikia kuni za matanga yangu. Zinawaka vizuri.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeona jambo. Watu wote waliosikia nimekufa wamekuja kwenye ukurasa wangu kuangalia kama ni kweli, na hawakutoka. Wako wa Embu, wako wa Meru, na jamaa mmoja wa Laare anayeuza miraa ameniuliza, "Lazaro, huko chini kulikuwaje?" Nikamjibu kuko sawa, ila hawana avokado. Alicheka siku nzima.

Watu ninao sasa. Kilichobaki ni saa.

Alhamisi, 6 Novemba

Saa nimeipata.

Nilikuwa kwenye kituo cha kupimia chai, wachumaji wanangojea lori. Mugambi alikuwa ananisimulia jinsi mguu wake unavyouma kwa ajili ya kifo changu. Mvua ikapiga. Mvua ya leo haikuwa ya kuchezea. Nimeona chura akitafuta pa kujikinga. Tukajibana wote chini ya mabati, na mabati yakaanza kunguruma, nikaona mdomo wa Mugambi unaendelea lakini sauti haipo. Redio haisikiki. Mtu na jirani yake hawasikizani. Chai imeshachumwa, lori halijafika, hakuna wa kutoka. Nikawaona, mmoja baada ya mwingine, wanapangusa mikono kwenye nguo na kutoa simu. Mpaka Wanjira alitoa yake.

Na mtu aliyesimama akitazama mvua inavyolowesha shamba lake anafikiria nini kama si kupanda?

Nikatoa simu niposti. Ikazunguka tu. Mvua ikiwa kubwa, mtandao wetu unakuwa mwembamba. Kusoma unaweza, kutuma picha kunakataa. Kwa hivyo posti lazima itangulie mvua. Ifike, ikae ndani ya simu za watu, ingoje mabati.

Hiyo kwangu ni kazi ndogo. Pua yangu inanusa mvua ikiwa bado iko mlimani.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimenusa, nimeposti. Jua limewaka mpaka jioni. Mugambi ameandika mbele ya watu wote: "Lazaro, mvua iko wapi?"

Jumanne, 11 Novemba

Nimenusa tena. Imenyesha, lakini kwa watu wengine.

Winfred alikuja akasoma nilichokuwa nimeposti. Nilikuwa nimeanza na habari ya mbuzi, halafu nikaeleza ukoo wetu, miche ilikuwa inakaribia mwisho. Alicheka, na ni mara ya kwanza msimu huu. Akaniomba yeye aandike na mimi nishughulike na wingu. Nikakubali. Kila kazi na mwenyewe.

Upande wa wingu, nitaandika hapa kwa kuwa Ruguru hasomi daftari hili. Nimeichunguza pua yangu, na nimemchunguza mke wangu. Kila mara kabla ya mvua, iwe kuna jua au hakuna, yeye anaacha alichoshika na kwenda kuanua nguo. Hasemi kitu. Hatazami hata juu. Nimekaa na mwanamke huyu tangu nikiwa na nywele nyingi, na nguo zangu hazijawahi kunyeshewa, na sikuwahi kujiuliza ni kwa nini. Nilimuuliza leo anajuaje. Akasema, "Najua nini?"

Ijumaa, 14 Novemba

Ruguru ameweka sufuria chini, ameenda kwenye kamba. Nikampungia Winfred mkono kutoka juu, naye kule chini kwenye miche akaposti kwenye ukurasa wangu. Picha ya mche mmoja mikononi mwake, na maneno haya tu: "Lazaro anauliza: mvua ndiyo hii, shimo lako liko wapi?"

Shuka la mwisho lilipoingia ndani, mvua ikapiga mabati. Ilipopungua, watu wa gambuti wakaanza kuteremka njia ya mto. Mmoja aliniambia alisoma akiwa chini ya paa la kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Alinunua akiwa bado hivyo.

Jumanne, 18 Novemba

Nguo zimeanuliwa, tumeposti, mvua, watu. Upande wa njia umebaki mtupu. Upande wa mto bado umejaa.

Jumamosi, 22 Novemba

Jua. Pikapu imeleta vipande vya nepia vya Wanjira. Vimerundikwa langoni mwake, kila anayekuja kwenye miche anapita kando yake.

Jumatano, 26 Novemba

Jua.

Ijumaa, 28 Novemba

Jua. Ruguru amefua mpaka mapazia. Nguo zimekauka kwenye kamba na hakuna aliyezigusa.

Ofisi ya mjini imempigia Winfred. Nafasi yake bado iko, wanamtaka Jumatatu. Leo amekisafisha kile kisu chake kidogo, akakifunga kwa kitambaa, akaniuliza kama akienda nitamwagilia miche mamake asipoona. Nikamwambia hataenda. Nimesema kwa sauti kubwa kwa sababu sikuwa na kingine cha kusema.

Jumamosi, 29 Novemba

Wanjira ameteremka asubuhi na jembe. Hakugombana na mtu. Alianzia mtoni, akawa anainua mifuko ya miche. Mizizi ilikuwa imetoboa mifuko na kuingia ardhini, kwa hivyo kila mmoja aliounyanyua ulilia kama nguo inayochanika. Winfred alisimama na mikono mfukoni. Nilijaribu kumsimulia dada yangu habari ya siku niliyoiambia mvua ya mawe isimame na ikasimama. Akaniambia, "Nyamu, leo hapana." Aliendelea mpaka nusu ya mstari, kisha akaenda kuchuma chai, maana lori la Jumamosi huwahi.

Mchana ulikuwa wa jua tupu. Mlima wote ulionekana, na ukionekana hivyo hakuna mvua. Hata mtoto mdogo anajua. Nimekaa mlangoni naangalia kamba. Ruguru alikuwa amefua asubuhi, shuka zinadondosha maji bado.

Akatoka jikoni. Akaanza kuzianua zikiwa mbichi.

Nilimwambia, "Mama Kinya, jua hili lote?" Kinya ni kifungua mimba wetu, ameolewa Runyenjes. Alikuwa ameshika vibanio vya nguo kwa meno. Nikatazama mlima: safi. Nikamtazama mke wangu: anakimbia. Nikaamua ninayemwamini, nikampungia Winfred mkono. Yeye naye alitazama juu, akanitazama mimi, akainama kwenye simu. Baadaye aliniambia aliandika upya. Hakumtaja Lazaro. Aliandika: "Hii ndiyo mvua ya mwisho. Mimi ni Winfred wa Wanjira, wa Manyatta, na hii ni kazi ya mikono yangu."

Wingu lilitoka nyuma yetu, upande wa chini, ambako hakuna mtu huangalia. Mvua ikapiga.

Yaliyotokea kituoni nimeambiwa na Mugambi, na yeye si mtu wa kuongeza chumvi, hana hicho kipawa. Anasema walikuwa wamejibana chini ya mabati, simu zimetoka, na mama mmoja akamwonyesha Wanjira yake. Akamwonyesha na mwingine. Kila upande aliogeuka aliona jina la binti yake likifuatwa na lake. Mama mmoja alimpigia kelele sikioni kama hiyo miche ni ya kwake. Wanjira aliichukua simu ya huyo mama, akaisogeza karibu na macho. Kisha akajibu kwa sauti iliyoshinda mabati.

"Ni yetu. Nifuateni."

Mimi nimeona mengi, lakini sikuwahi kuona kama niliyoyaona kwenye ile njia ya mto. Dada yangu mbele, gunia kichwani kujikinga mvua, na nyuma yake kituo kizima. Alipofika kwenye miche akaanza kugombeza wateja. Mche usishikwe shingo, ushikwe mfuko. Huu ni wa makadamia, upandwe mbali na mwenzake. Wewe shimo umechimba au unakuja kuharibu kazi ya mtoto wa watu? Winfred hakuhitaji kusema neno. Alikuwa anainua na kukabidhi, anainua na kukabidhi, na utepe wake umeloa kwenye vidole.

Jioni ilibaki ile nusu ya mstari iliyong'olewa asubuhi, imelala ubavu. Hakuna aliyeitaka. Wanjira aliipanda mwenyewe kwenye mpaka wa shamba lake, kwa jembe lilelile, mvua ikimwagika mgongoni. Winfred alimshikia miche wima. Nikawaacha.

Jumatatu, 1 Desemba

Jua, na safari hii ni lile la kukaa. Winfred hakwenda ofisini. Amefika hapa asubuhi akakifungua kile kitambaa, kisu kikatoka, na sasa ameketi kando ya mto na ndoo ya mbegu za avokado, anaanza za msimu ujao.

Wanjira amekuja kwangu mwenyewe, kitu ambacho hafanyi. Alikunywa chai iliyopikwa kwa kuni za matanga yangu. Alisifu chai, hakunisifu mimi. Halafu akatazama nje, kule kwa lango lake, ambako rundo la nepia linaanza kugeuka manjano.

"Ile nepia yangu sasa sina pa kuipanda," alisema. "Iposti."

Nikamuuliza anataka niiposti saa ngapi.

"Mwenye saa si wewe?"

Nikatazama juu. Mlima wote wazi. Nikatazama kamba. Ruguru alikuwa anaanika, bila haraka yoyote. Nikamwambia dada yangu angoje kidogo, nikavae suti.

Alishika kuni. Lakini alikuwa anacheka, na kuni aliiingiza motoni.